Una Divisheni Three? Soma Alama za Somo Moja Moja Kabla Hujaomba Chuo

Matokeo yakitoka, Januari kwa kidato cha nne na Julai kwa kidato cha sita, steshenari za Nyegezi, Buzuruga na Igoma hapa Mwanza hujaa vijana na wazazi wenye swali moja: "Amepata three ya ngapi, chuo atapata?" Swali hilo huwapotezea watu nafasi zao. Chuo hakiangalii divisheni. Kinaangalia alama uliyopata kwenye masomo ambayo kozi yenyewe inayataka.

Chukua wanafunzi wawili wa kidato cha sita, wote wana divisheni three ya pointi 14. Wa kwanza ana C, E na S. Wa pili ana D, E na E. Kwa hesabu ya NECTA, Baraza la Mitihani, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7, kwa hiyo wako sawa kabisa. Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, inahesabu kwa namna yake: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu pointi. Ili uingie digrii moja kwa moja, kiwango cha chini ni prinsipo mbili, yaani alama za A hadi E, zenye jumla ya pointi 4.0 katika masomo mawili yanayotakiwa na programu unayoomba. Yule wa kwanza ana 3 na 1, jumla 4.0. Amepita. Wa pili ana prinsipo tatu, lakini mbili zilizo bora zinampa 2 na 1, jumla 3.0. Hajafika. Na yule mwenye D, D na F, pointi 15, ambaye mtaani wanamsikitikia kwa ile F, ana 2 na 2. Naye amepita.

Kwa hiyo kabla hujalia au hujashangilia, chukua kalamu ufanye hesabu hiyo mwenyewe. Kisha fungua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huu, ambao hupakuliwa bure kwenye tovuti yao, usome safu ya sifa za kila programu neno kwa neno. Hapo ndipo wengi wanapoanguka. Ukiwa na 4.0 kutoka Jiografia na Historia, hiyo 4.0 haikufikishi kwenye programu inayotaka Uchumi au Hisabati. Programu nyingi za biashara, uhasibu na uchumi zina sharti jingine chini ya lile la kwanza: kama Hisabati si mojawapo ya prinsipo zako, lazima uwe na walau sabsidiari, yaani S, ya BAM (hisabati ya msingi ya kidato cha sita) au alama fulani ya Hisabati ya kidato cha nne. Watu husoma mstari wa kwanza, wanalipa ada ya maombi, mfumo unawakataa, wanasema wameonewa.

Sasa nitoe maoni yangu waziwazi. Pointi 4.0 ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba, na nafasi inagombewa na wote walioruhusiwa. Udaktari, kwa mfano, unadai Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu, kwa jumla isiyopungua 6, na pale chuo cha Bugando wanaoomba huwa na zaidi ya hizo kwa mbali. Mwenye 6 kamili akitumia awamu zote za udahili kuomba udaktari peke yake, mwisho wa awamu ya tatu atakuwa mikono mitupu na kozi nyingine nzuri zimeshajaa. Awamu ya kwanza ndiyo yenye nafasi nyingi. Mwenye alama za wastani aitumie kuomba pale ambapo alama zake zina nguvu.

Kosa la upande wa pili naliona baya zaidi: kukimbilia digrii yoyote ilimradi mtu aitwe mwanachuo. Kijana wa 4.0 anaingia kozi asiyoipenda, kwa sababu tu ilikuwa na nafasi. Miaka mitatu inaisha, ada imelipwa kwa kuuza ng'ombe wa babu kule Magu au Kwimba, na hana ujuzi ambao mtu yupo tayari kuulipia. Kwa kijana wa aina hiyo, na kwa yule aliyekosa 4.0, diploma si adhabu. Mimi naiona ni njia bora.

Hebu tuhesabu miaka. Aliyemaliza kidato cha nne akienda kidato cha tano na sita ni miaka miwili, kisha digrii ya miaka mitatu: jumla mitano. Akienda diploma ni miaka mitatu, kuanzia ngazi ya NTA 4 hadi 6 (NTA ni ngazi za tuzo za elimu ya ufundi), kisha digrii mitatu: jumla sita. Tofauti ni mwaka mmoja, lakini wa diploma mwaka wa tatu tayari ana cheti cha kumpatia kazi, ilhali mwenzake wakati huo yupo mwaka wa kwanza chuoni. Aliyemaliza kidato cha sita mwenye walau prinsipo moja na sabsidiari moja, kozi nyingi za diploma za biashara, utawala na nyinginezo zisizo za afya atazimaliza kwa miaka miwili. Afya ni tofauti: huko hata wa kidato cha sita huanza NTA 4 pamoja na wa kidato cha nne, kwa hiyo asijidanganye kwamba ataruka mwaka.

Kurudi digrii baada ya diploma kunahitaji GPA, yaani wastani wa alama za chuo, isiyopungua 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne kuanzia D. Fani zenye ushindani hutaka zaidi ya hapo, kwa hiyo lenga 3.5 tangu muhula wa kwanza. Na kumbuka kwamba cheti cha kidato cha nne kitakufuata hadi huko. Ofisa tabibu mwenye GPA nzuri anaweza kuzuiwa asisomee udaktari kwa sababu ya F ya Hisabati aliyoipata akiwa na miaka 17.

Kwa waliomaliza kidato cha nne hadithi ni ileile, ila imegeuka. Vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, kwa kawaida huanza na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ufaulu maana yake ni D na kuendelea. Bible Knowledge na Elimu ya Dini ya Kiislamu hazihesabiwi hata ukiwa na A. Sasa mtazame binti mwenye divisheni four ya pointi 31: D nne na F tatu (kidato cha nne F ni 5). Nyumbani wameshaanza kumtafutia kazi ya duka. Kama zile D nne ni Fizikia, Kemia, Baiolojia na Kiswahili, binti huyo ana sifa ya kuomba Utabibu au Uuguzi. Kaka yake mwenye divisheni three ya pointi 23, C tano na D mbili zote za masomo ya sanaa, na F ya Kemia, hana sifa hiyo. Wazazi wakipanga watoto kwa divisheni watampeleka chuo cha afya asiyeweza kuingia na kumwacha nyumbani anayeweza. Ila huyo binti naye ajue kwamba D ya Kemia inamwingiza tu mlangoni. Semesta ya kwanza ya chuo cha afya haina huruma kwa asiye na msingi, na kurudia moduli kunalipiwa.

Maombi ya kozi za afya, kwa vyuo vya serikali na binafsi vya Tanzania Bara, hupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET. Kozi nyingine unaomba chuoni kwenyewe. Vyuo vingi visivyo vya afya vina udahili wa Machi pia, kwa hiyo aliyechelewa Septemba hana haja ya kukaa mwaka mzima.

Hapa kwetu Kanda ya Ziwa kuna kitu kinachonisikitisha. Vijana wa Mwanza wanapigania kozi za uhasibu na utawala, wakati vyuo vinavyofundisha kazi za ziwa na za ardhi yetu viko jirani. FETA, wakala wa elimu ya uvuvi, ina kampasi Nyegezi, inafundisha uvuvi na ukuzaji viumbe maji. Ufugaji wa samaki kwenye vizimba unakua, na mwaka 2024 serikali ilikabidhi boti na vizimba vya mkopo hapahapa Mwanza. Kizimba kinahitaji mtu wa kupima oksijeni ya maji, kukadiria chakula kwa uzito wa samaki, na kugundua ugonjwa kabla samaki hawajaelea. Kazi hiyo ina cheti chake. MATI Ukiriguru, kule Misungwi, inafundisha kilimo. DIT kampasi ya Mwanza ina teknolojia ya ngozi, katika kanda ambayo ng'ombe ni utajiri wa kila kaya na ngozi nyingi huharibika kwa kuchunwa vibaya. Pasiansi kuna chuo cha wanyamapori, kwa anayeweza mazoezi ya mwili na nidhamu ya kijeshi. VETA Mwanza inampokea hata yule asiyefikisha D nne, na akifika ngazi ya tatu ya ufundi stadi, cheti hicho TCU wanakitambua kwa mtu anayepanda kupitia diploma. Kijana wa Sengerema ambaye zamani aliogopa foleni ya kivuko, tangu 2025 anavuka daraja la Kigongo–Busisi. Wa Ukerewe bado anaitegemea meli ya Nansio, kwa hiyo kodi ya gheto iwemo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kuna mlango mwingine ambao wengi hawaujui. Chuo Kikuu Huria, chenye kituo hapa Mwanza, hutoa kozi ya msingi ya mwaka mmoja kwa waliokosa 4.0. Unatakiwa uwe na walau pointi 1.5 kutoka masomo mawili ya kidato cha sita, kwa mfano E moja na S moja, au diploma yenye GPA ya 2.0. Ukimaliza na GPA ya 3.0 kutoka masomo sita ya msingi, na walau C katika masomo matatu ya kundi lako, unaomba digrii. Ni njia fupi, lakini inamfaa anayeweza kujisomea bila kusukumwa. Aliyezoea mwalimu asimame mbele na kengele ilie atapata shida.

Na kurisiti, yaani kurudia mtihani? Risiti somo linalokuziba. F moja ya Hisabati au ya Kemia inafaa kurudiwa, hata ukiwa tayari unasoma NTA 4. Kurudia masomo saba kwa sababu ya aibu ya divisheni ni kupoteza mwaka. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea wa mtihani wa Novemba hufanyika miezi ya mwanzo ya mwaka, kwa hiyo matokeo yakitoka Januari uamuzi haungoji. Kama ni somo la sayansi, chagua kituo chenye maabara.

Kuhusu fedha: tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha pia wanafunzi wa diploma, kwa fani za kipaumbele kama afya, kilimo na mifugo, usafirishaji na uhandisi. Fungua orodha ya kozi zinazokopesheka kabla hujachagua kozi, maana mkopo hautahamia kwenye kozi unayoipenda. Vyuo binafsi vya afya ada yake hupita milioni moja kwa mwaka, na barua ya udahili ina kurasa za ndani zenye bima ya afya, sare, mitihani ya wizara na mafunzo kwa vitendo. Mzazi ajumlishe zote, na aulize ada inalipwa kwa awamu ngapi, kwa sababu wengi hufukuzwa kwenye mtihani wakiwa wanadaiwa hela isiyofika robo ya ada.

Karatasi nazo zimewaangusha wengi kuliko alama. Jina la cheti cha kuzaliwa lifanane na la cheti cha kidato cha nne. Kama moja lina "Masanja" na jingine halina, shughulikia kiapo na RITA, wakala wa vyeti vya kuzaliwa, mapema, maana Bodi ya Mikopo huhitaji cheti kilichohakikiwa na foleni huwa ndefu wiki za mwisho. Chuo ukihakiki kwenye tovuti ya NACTVET usiishie kwenye jina la chuo, tazama kozi yenyewe na ngazi yake. Kuna vyuo vilivyosajiliwa ambavyo vinafundisha kozi isiyopata ithibati. Ukimaliza kozi ya namna hiyo hutapata namba ya uthibitisho wa tuzo, ile AVN, na bila AVN mwenye diploma hawezi kuomba chuo kikuu. Hata kwenye chuo safi, AVN huchelewa kama chuo hakijapeleka matokeo yako NACTVET, kwa hiyo anza kufuatilia mara tu bodi ya chuo inapopitisha matokeo.

Jambo la mwisho ni namba ya simu. Wengi huombewa steshenari, na mwenye steshenari anaweka namba yake au barua pepe yake ili kazi iende haraka. Baadaye mtu anachaguliwa vyuo viwili, TCU inatuma namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja, ujumbe unaingia kwenye simu ya mtu mwingine, muda unapita. Weka laini yako. Kama wakati huo utakuwa kambi ya JKT, weka ya mama au ya mlezi mwenye simu inayowaka muda wote, mwandikie kwenye karatasi neno la siri la kila mfumo, na mwelekeze kwamba ujumbe wa TCU ukifika anaingia kwenye akaunti ya chuo mlichokubaliana, anaijaza namba ile, na anapiga picha ya skrini inayoonyesha kwamba imethibitishwa.