Robo dola za majimbo: soko linalipia kasoro, mimi natazama mchoro

Kuanzia mwaka 1999 hadi 2008, Marekani ilitoa sarafu za senti 25 za kuyaenzi majimbo yake yote 50, tano kila mwaka. Delaware ilifungua, Hawaii ikafunga. Wengi waliziweka akiba wakiamini zitakuja kuwatajirisha, lakini zilitengenezwa kwa mabilioni, na karibu zote zilizopita mikononi mwa watu zimebaki kuwa senti 25 zilezile.

Uzuri wake uko kwenye mchoro. Sarafu yenyewe haifiki sentimita mbili na nusu kwa upana, kwa hiyo ukirundika vitu humo, jicho linakosa pa kutua. Itazame ya Arkansas ya mwaka 2003: almasi, mpunga, ziwa na bata anayeruka, vyote vimebanana. Alabama, mwaka huohuo, ilimweka Helen Keller, mwandishi asiyeona wala kusikia, kitini, kitabu mapajani, na jina lake likaandikwa pia kwa nukta nundu. Ndiyo sarafu ya kwanza ya matumizi ya kila siku nchini humo kuwa na maandishi hayo.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya Connecticut. Ina mti mmoja tu, mwaloni wa Charter Oak, ambao inasimuliwa kwamba hati ya koloni ilifichwa ndani yake mwaka 1687 isichukuliwe na watu wa mfalme wa Uingereza. Matawi yametanda kila upande, mengine membamba kama nywele, na ukiinamisha sarafu kwenye mwanga unaweza kuyafuata moja moja. Mti wenyewe uliangushwa na dhoruba mwaka 1856.

Sasa nenda sokoni. Inayosakwa ni ya Wisconsin ya 2004, yenye kichwa cha ng'ombe, jibini na hindi, kwa sababu baadhi ya zilizotoka kiwanda cha Denver zina alama ya ziada kwenye hindi inayofanana na jani. Mnunuzi hulipa bei inayopita senti 25 kwa mbali kwa ajili ya jani hilo. Kasoro ni adimu, naelewa, lakini inaniuma kuona fundi aliyechonga ule mwaloni hapati hata senti ya ziada kwenye bei.

Anayetaka thamani isiyotegemea bahati atafute seti za robo dola hizi zilizotengenezwa kwa madini ya fedha katika kiwanda cha San Francisco. Zina asilimia 90 ya fedha halisi. Na asizisugue kamwe, hata zikipoteza mng'ao.