Kabati Linaumwa Skurubu, Fundi Anataka Kulizika

Unafungua kabati utoe sukari, mlango mzima unabaki mkononi. Umeushika kama ngao, chai inafurika, na yule aliyesema nyumba za zamani hapa Kisumu zilijengwa imara hayuko karibu umuonyeshe. Mbao zenyewe ni imara kweli. Mchwa wamejaribu, wakahama.

Basi unaita fundi. Yuko njiani, anasema, na nyuma yake unasikia mtu ananadi omena. Anafika saa nane mchana, anafunga mikono nyuma, anatikisa kichwa kama aliyekuja matanga.

"Mkubwa, hii imeenda."

Imeenda wapi, na iko hapa? Anagonga mbao kwa kidole. Anavuta droo isiyo na kosa lolote. Anauliza ni nani alijenga hii kitu, kana kwamba marehemu ataitwa ajibu. Kisha anatoa simu: jikoni la watu, jeupe pepepe, taa chini ya shelfu. Bei anayotaja inalipa mahari na ng'ombe mmoja abaki. Wewe uliuliza bawaba. Bawaba moja!

Ugonjwa wenyewe ni tundu. Skurubu zimechezacheza miaka hadi tundu likapanuka, sasa hazina pa kung'ata. Unazitoa, unakata vichwa vya njiti tatu nne za kiberiti, unazichovya kwenye gundi nyeupe ya mbao, unazishindilia tundu lijae, unazikata zilingane na mbao, unaacha zikauke hadi kesho. Kesho unatoboa kitundu chembamba kuliko skurubu, unafunga. Kiberiti na gundi, basi.

"Hizo ni mambo za kijiji, mkubwa."

Haya, apake rangi tu. Anakuja na debe la rangi ya maji, aipake juu ya rangi ya mafuta, ambayo nayo imevaa mafuta ya kukaangia samaki tangu enzi za mpangaji wa kwanza. Mwambie aipime kwanza ile ya zamani kwa kuisugua na pamba yenye spiriti (rangi ya maji hulainika ikachafua pamba, ya mafuta haijali), atacheka. Miezi miwili, inabanduka kama ganda la kitunguu.

Ni maji moto na sabuni, suuza, ikauke. Halafu msasa wa maji namba 120 hadi mng'ao ufe. Usisugue kavu, rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, yale yenye sumu, na vumbi lake si la kuvuta. Futa, ikauke tena. Andakoti, yaani rangi ya chini, msasa laini namba 240 kwa mkono mwepesi, kisha glosi, ile rangi ya kung'aa, mara mbili, nyembamba, ukingoja saa 24 katikati. Na upake asubuhi. Asubuhi, jamani! Ukipaka jioni taa ikiwaka, wale wadudu wa ziwani wanaingia wote kukagua kazi, na kesho mlango una ndevu.

Mlango wa chumbani nao umekwama, ila hiyo ni mvua ya Aprili, mbao zimefura. Usikimbilie randa. Ukiuchonga leo, Januari paka atapita bila kubisha.

Sasa bisbisi. Iko kwa jirani tangu Krismasi. Ukienda kuiulizia unakaribishwa chai, unaulizwa habari za watoto, unafungiwa kunde za kupeleka nyumbani, na ni mpaka uko langoni kwako ndipo unakumbuka ulikuwa umeendea nini.