Idhini ya Kitufe Kimoja

Jumapili jioni nilikuwa nimekaa na binti yangu, tunahangaika na hesabu za sehemu, ujumbe ukaingia kwenye kikundi cha wazazi wa Gredi ya Nne. Kuanzia muhula huu, matokeo, karo na matangazo yote ya shule yatapatikana kwenye programu mpya ya simu. Linki hii hapa, wazazi tafadhali jisajilini kabla ya Ijumaa.

Nikabonyeza. Jina la mtoto, sawa. Tarehe ya kuzaliwa, sawa. Namba ya cheti cha kuzaliwa, nikasita kidogo. Dini. Maradhi aliyowahi kuugua. Anaishi na nani: wazazi wote wawili, mama peke yake, baba peke yake, mlezi. Picha ya uso, isiwe na miwani wala kofia. Kisha simu ikaniuliza kama nairuhusu programu hiyo isome namba zote nilizohifadhi na ijue nilipo wakati wote. Chini kabisa kuna kitufe kimoja cha kijani: Nakubali. Nikapandisha ukurasa, nikashusha, nikitafuta cha kukataa. Hakuna.

Nikampigia mwalimu wa darasa, mama mpole ambaye sina ugomvi naye hata kidogo. "Mama Salma," akaniambia, "hata sisi walimu tumeletewa tu. Lakini usipojisajili, ripoti ya Salma hutaiona."

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Sisi tumelelewa kupiga hodi. Mgeni husimama mlangoni, hubisha, husubiri, na asipoitikiwa baada ya mara ya tatu huondoka, kwa sababu mwenye nyumba ana haki ya kunyamaza. Hodi ina maana kwa kuwa jibu linaweza kuwa hapana. Mtu akishaingia, akaketi, akashika ripoti ya mtoto wako mkononi, ndipo akakwambia "hodi, sema karibu nikupe", huyo hakuomba ruhusa. Amekubana. Hakuna mzazi Kenya hii atakayekosa kujua mwanawe amefanyaje mtihani ili alinde namba ya cheti cha kuzaliwa. Waliotengeneza programu hizi wanalijua hilo vizuri, na ndiyo maana wanapitia shuleni badala ya kuja kwetu wenyewe. Kampuni ngeni ikinitumia ujumbe kuniuliza mtoto wangu ana pumu au hana, nitaifuta hapo hapo. Ikija na nembo ya shule, ninajaza.

Na sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka mzazi au mlezi akubali kabla data ya mtoto haijaguswa, na sheria hiyo hiyo inataka kukubali huko kuwe kwa hiari. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Roma School ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila ruhusa ya wazazi. Nilifurahi siku ile. Lakini picha mtandaoni mzazi anaiona, anakasirika, analalamika. Data inayotoka kwenye simu yangu usiku kwenda kwa watu nisiowajua nitailalamikia vipi?

Si dhana yangu. Mwaka 2022 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch walichunguza programu na tovuti 163 za masomo zilizopendekezwa na serikali 49 wakati wa korona. Katika hizo, 145 zilikuwa zikishughulika na data za watoto kwa njia zinazohatarisha au kuvunja haki zao, na nyingi zilikuwa zikiwapelekea wafanyabiashara wa matangazo. Mwaka uliofuata, Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho iliishtaki Edmodo, kampuni ya jukwaa la masomo mtandaoni, kwa kutumia data za wanafunzi kwa matangazo, na kwa kuwatwika walimu mzigo wa kutafuta ruhusa za wazazi. Walimu! Wale wale wanaosahihisha madaftari hadi saa nne usiku. Faini ilikuwa dola milioni 6, ikasimamishwa kwa sababu kampuni haikuwa na uwezo wa kulipa.

Tena data ya mtoto haizeeki. PowerSchool, kampuni inayotunzia shule data za wanafunzi, walipodukuliwa Desemba 2024, bodi ya shule za Toronto, Kanada, ililazimika kuwaambia watu waliosoma huko tangu 1985 kwamba huenda taarifa zao zimo. Kampuni iliwalipa wadukuzi kikomboleo ili data ifutwe, na miezi michache baadaye shule zikaanza kutishiwa upya.

Nakubali kwamba karatasi nazo zina yake. Faili za ofisini hupotea, na kulipa karo kwa simu kumetuondolea foleni ya benki. Sitaki turudi huko. Nataka shule inipe matokeo ya mwanangu bila kunidai maradhi yake, dini yake na mahali nilipo saa nane za usiku.

Jumatatu asubuhi nilipeleka barua kwa mwalimu mkuu. Nimeuliza kama kampuni imesajiliwa na Ofisi ya Kamishna, data inahifadhiwa wapi, nani mwingine anapewa, na itafutwa lini Salma akihama shule. Nimeomba pia ripoti yake kwa karatasi. Katibu alipiga mhuri nakala yangu, akaisoma polepole akiwa amesimama, kisha akaniuliza kama anaweza kutoa kopi moja zaidi, kwa sababu naye ana mtoto Gredi ya Pili.