Huku Majina Hayatoki

Kila Jumapili nikimpigia mama simu, kabla hata shikamoo yangu haijapoa, swali linafuata: "Majina yametoka?" Anamuulizia mdogo wangu, ambaye tangu Desemba anasubiri majibu ya maombi ya uzamivu aliyopeleka katika vyuo sita vya Marekani. Kwa mama, kuomba chuo ni jambo lenye ubao wake. Orodha inabandikwa, watu wanasogea, kidole kinateremka kwenye karatasi mpaka kikutane na jina au kifike mwisho. Nimeshamweleza kwamba huku Marekani majina hayatoki. Ananisikiliza vizuri, kisha Jumapili inayofuata anauliza tena. Simlaumu, kwa sababu mimi mwenyewe niliielewa tofauti hiyo baada ya kupita kote kuwili, na mpaka leo sijaizoea.

Mara ya kwanza nilisubiri nyumbani, nilipoomba shahada ya uzamili. Tuliambiwa wiki ijayo, wiki ikaja ikapita, tukaambiwa ijayo tena, hivyo hivyo kwa karibu miezi miwili. Nilikwenda pale ofisini mara nyingi hata karani akanizoea. Akiniona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Siku yenyewe hakuna aliyeitangaza. Mwenzangu alipiga simu asubuhi akasema neno moja, "Yametoka," akakata, nami nikatoka mbio na kandambili zangu miguuni. Ubaoni tulikuwa kundi zima. Jina langu nililikuta ukurasa wa pili. Pembeni yangu alikuwapo msichana tuliyesoma darasa moja miaka mitatu, matokeo yake na yangu yakikaribiana sana. Alipitisha kidole kurasa zote nne, akarudia, kisha akanigeukia: "Hebu nitazamie na wewe, huenda nimeruka." Nikamtazamia. Hakuwa ameruka. Waliomjua wakamzunguka, mmoja akamshikia mkoba, wengine wawili wakamsindikiza mpaka kituoni. Barua hakuandikiwa. Hadi leo hajui kama alizidiwa alama, kama nafasi zilijaa, au kama faili lake halikufunguliwa kabisa.

Mara ya pili nilikuwa nimeshahamia huku, pwani ya mashariki ya Marekani, nikiwa na kazi yangu, nikaomba uzamivu katika vyuo saba. Kila kitu kilikuwa na tarehe. Mwisho wa kupokea maombi ni Desemba, siku fulani, saa fulani ya usiku. Majibu yatakuja kati ya Februari na katikati ya Aprili. Kila chuo kilinifungulia akaunti, na humo nikawa naona barua ya mhadhiri yupi imefika na ya yupi bado. Nililiona hilo kuwa heshima kubwa kwa mwombaji, na bado naliona hivyo.

Jibu la kwanza lilikuja siku ya kazi, muda mfupi kabla ya chakula cha mchana. Baruapepe haikusema lolote isipokuwa kwamba hali ya maombi yangu imebadilika. Nikatoka koridoni, nikasimama kando ya mashine ya maji ya kunywa, nikaingiza nywila, nikaikosea, nikaingiza tena. Ilikuwa mistari minne: waombaji walikuwa wengi na wazuri, nafasi chache, wanasikitika, wananitakia heri. Nikarudi kwenye kiti changu. Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa nasubiri, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba nimekosa. Nikaendelea kujaza jedwali nililokuwa nimeliacha nusu. Barua kama hizo nilipata 5 mwaka ule, na zote 5 nilizisoma peke yangu nimesimama.

Wenzangu wengi tunaoishi nao huku husema utaratibu huu ni bora kwa kila hali, kwamba ni ukatili kumfanya mtu akose mbele ya umati. Zamani nilisema hivyo pia. Siku hizi namkumbuka yule mwenzangu na wale waliomshikia mkoba, nasita. Ubao ulimwaibisha, ndiyo, lakini ulimpa watu papo hapo. Akaunti yenye nywila ilinifichia aibu yangu, ikaniacha nayo. Ila kuna jambo moja ambalo sitayumba nalo: kila mtu aliyetuma maombi anastahili kuandikiwa. Barua ya kukataliwa, hata iwe na mistari minne, ilianza kwa jina langu na ilinifungua nikafanye mengine. Kukosa jina kwenye orodha si jibu. Mtu aliyekosa jina hubaki akijiuliza kama alisomwa. Vyuo vya nyumbani vingeweza kubadili hili bila gharama ya kutisha, maana anwani za waombaji wanazo.

Wala nisiipambe huku kupita kiasi. Chuo kimoja kati ya vile saba kilikaa kimya hadi Juni, muda ambao jibu lilikuwa halina kazi tena. Na anayepiga simu kuuliza hujibiwa kwa upole kwamba afuatilie kwenye akaunti yake, ile ile ambayo ameifungua mara ishirini tangu asubuhi. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule karani. Kutikisa kichwa kwake kulikuwa jibu la mtu anayenijua sura.

Kilichonisaidia zaidi ni kujua kazi inavyofanyika huko ndani, na ningependa kila anayesubiri ajue. Maombi ya uzamivu Marekani kwa kawaida hayaamuliwi na ofisi ya udahili. Husomwa na kamati ya wahadhiri wa idara yenyewe, idara ikapendekeza, kisha chuo kikaidhinisha. Na kwa kuwa vyuo vingi humlipia mwanafunzi wa uzamivu ada na kumpa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti, idadi ya watakaochukuliwa hutegemea fedha zilizopo mwaka huo. Profesa uliyemtaja anaweza kuwa anakwenda likizo ya utafiti, au ruzuku yake imekwisha, au ana wanafunzi wa kutosha. Unakataliwa kwa sababu ambayo haimo kwenye faili lako na haitaandikwa kwenye barua.

Halafu kuna tarehe 15 Aprili. Vyuo vingi vya Marekani vimetia saini makubaliano kwamba mwanafunzi aliyepewa nafasi pamoja na ufadhili asilazimishwe kutoa jibu kabla ya siku hiyo. Matokeo yake ni kwamba mtu mmoja anaweza kushikilia nafasi tatu mpaka dakika za mwisho, na akiziachia mbili, waliowekwa kwenye orodha ya akiba ndio wanaoitwa. Mimi niliingia kwa mlango huo. Niliitwa tarehe 14 Aprili, saa kumi jioni, wakati nilikuwa nimeshaanza kuandika barua ya kuomba kazi nyingine. Kwa hiyo yeyote aliyeko kwenye orodha ya akiba mwezi Machi asikunje jamvi. Aiandikie idara aseme bado anaitaka nafasi, na kama kuna jipya, alitaje: makala iliyokubaliwa, matokeo ya muhula, kazi aliyomaliza.

Hata hivyo naamini wengi wetu hatukosei kwenye kusubiri. Tunapungukiwa mapema zaidi, kwenye barua za wahadhiri. Mhadhiri wangu mmoja wa nyumbani, mtu ninayemheshimu sana, alinionyesha barua aliyoniandikia. Ilikuwa aya mbili. Nina nidhamu, nina heshima kwa wakubwa, nahudhuria vipindi, sijawahi kuwa na kosa lolote chuoni. Nilipoisoma machozi yalinilenga, kwa kuwa kwetu hizo ni sifa za mtu mzima, na mzee yule hagawi sifa ovyo. Lakini kamati ya huku inatafuta vitu vingine kwenye barua hiyo. Je, mwanafunzi huyu aliwahi kuuliza swali ambalo mwalimu hakulitarajia? Jaribio liliposhindikana alifanya nini? Kati ya wanafunzi wote ambao mhadhiri amewafundisha, huyu yuko wapi? Barua iliyoandikwa kwa upendo na ukweli inafika huku ikionekana nyembamba, na aliyeiandika hajui, na aliyeandikiwa hajui.

Aliyeandikiwa ni nadra kujua, maana mara nyingi haioni barua hiyo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za wanafunzi humpa mwanafunzi haki ya kusoma kilichoandikwa juu yake, lakini fomu ya maombi humuuliza kama yuko tayari kuiachia haki hiyo kwa barua za mapendekezo. Wengi hukubali, kwa sababu barua ambayo mwanafunzi hakuisoma huaminiwa zaidi. Na uzito wake umeongezeka, kwani tangu 2020 idara nyingi zimeacha kudai mtihani wa GRE, ule wa kuwapima wanaoomba masomo ya uzamili na uzamivu. Kuondolewa kwa mtihani kumewapunguzia gharama waombaji wa mbali, nashukuru kwa hilo, ila sasa barua na maelezo binafsi ndiyo yanayobeba karibu mzigo wote. Nawaomba wahadhiri wetu, kwa heshima zote: msiandike tu kwamba mwanafunzi ni mwema. Elezeni alichofanya siku fulani mkiwa naye, mlichokiona kwa macho yenu.

Na maelezo binafsi nayo. Mdogo wangu aliponitumia rasimu yake ya kwanza, aya tatu za mwanzo zilikuwa za shukrani: kwa Mungu, kwa wazazi, kwa walimu. Nikasoma nikishuka mpaka ukurasa wa pili, na hapo, katikati ya sentensi ndefu, nikakuta kwamba alipima chumvi kwenye maji ya visima 40 kila mwezi kwa miezi 14, akitembea na vifaa begani, na kwamba aligundua kipimo cha mwanzo kilikuwa na hitilafu akarudia miezi miwili yote. Sentensi moja tu! Nikamwambia aipandishe juu kabisa, kisha aiandikie ukurasa mzima. Akaniandikia: "Dada, si nitaonekana najisifu?"

Sikuwa na jibu la haraka. Tumelelewa na methali inayosema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi bado naipenda, kwa sababu inamlinda mtu asiwe mpiga debe wa nafsi yake. Lakini msomaji wa huku ana mafaili 200 mezani na hajawahi kukiona kile kisima. Chema hakiwezi kujiuza kwa mtu asiyekiona. Nilimwambia asitumie neno lolote la sifa, aeleze tu alivyofanya hatua kwa hatua, kama anavyomweleza mama jioni akirudi. Rasimu ya pili ilikuwa nzuri mno. Niliisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti.

Sasa anasubiri. Vyuo vitatu vimeshamkataa, kimoja kimemweka kwenye orodha ya akiba, viwili kimya. Ofisi za huku zinapokaribia kufungwa, saa kumi jioni, kwao ni saa sita usiku, na ndiyo saa ambayo barua nyingi zilikuwa zinatumwa. Alikuwa analala na simu chini ya mto. Jumapili ya pili ya Machi huku tulisogeza saa mbele, tofauti ikapungua kutoka saa nane hadi saba, hivyo barua ikija inafika saa tano. Nilimwambia hilo kama habari njema, angalau atalala mapema kidogo. Lakini nimechukua uamuzi mwingine pia. Ikifika saa kumi jioni naacha kazi, nampigia, tunakaa kwenye simu hata kama hatuna la kuzungumza. Yeye anafungua akaunti moja, halafu ya pili. Nasikia pumzi zake zikisimama, kisha anasema hakuna, dada. Nyuma yake kitanda kinalia, mama amegeuka upande wa pili, na kupitia ukutani inakuja sauti ya mtu aliyekuwa macho muda wote:

"Yametoka?"

"Bado, mama. Lala."