Kupanga Arusha: kinachoumiza sio kodi, ni ile miezi sita ya kulipa mbele

Hapa Chuga ukikaa na watu dakika tano mazungumzo ya nyumba yakianza lazima mtu aseme kodi ni hela ya kutupa, bora ujenge hata chumba kimoja uhamie kibishi, mengine utamalizia ukiwa ndani. Mi naona hiyo ni nusu ya hesabu, na ile nusu nyingine watu hawaipigi mpaka wameshauza pikipiki wakanunua kiwanja Muriet.

Kwanza ujue nyumba za hapa hazikupangwa bei kwa kuangalia mshahara wa mtu wa hapa. Mahakama ya Kimbari ya Rwanda ilikaa Arusha toka 1995 mpaka ikafungwa mwishoni mwa 2015, Jumuiya ya Afrika Mashariki makao makuu yako hapa, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko hapa, weka na mashirika na makampuni ya utalii, wafanyakazi wa huko wengi walikuwa wanauliza nyumba kwa dola, na mwenye nyumba wa Njiro au Sakina akishazoea mpangaji wa dola hawezi tena kumwangalia mwalimu wa sekondari. Mwaka 2025 zikatoka kanuni za kukataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni humu ndani, jambo zuri kabisa, ila wenye nyumba wengi wamechukua ile ile dola wakaizidisha, wakaandika shilingi.

Sasa uzuri wa kupanga. Mji huu unaishi kwa msimu. Kuanzia Juni mpaka Oktoba hela ipo, Desemba inarudi tena kidogo, halafu masika ya Aprili na Mei gereji zimejaa magari ya safari yamepaki na madereva wanacheza bao. Mtu wa kipato cha hivo kumfunga kwenye mkopo wa nyumba wa miaka 15, na riba za benki zetu zinazozunguka asilimia 15 na kuendelea, ni kumtafutia presha. Mnakumbuka 2020, watalii nchi nzima walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi 620,000 na kitu. Aliyekuwa amepanga apatimenti alihamia chumba na sebule Ngarenaro au akarudi kijijini akajipanga upya, ila aliyekopa kujenga nyumba ya kupangisha alibaki na geti, fensi, na rejesho la kila mwezi.

Na kuna hili la maji ambalo nashangaa watu hawalizungumzii wanapopiga hesabu za nyumba. Maji ya maeneo mengi ya kuzunguka Mlima Meru yana floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano, Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na kuna visima huku vinapita hapo mara kadhaa. Ukienda kuangalia nyumba usiishie kwenye taili na dari ya jipsam, uliza maji ni ya bomba au ya kisima, halafu waangalie watoto waliokulia pale wakicheka. Ukiona meno ya mbele yana madoa ya kahawia, ndo floridi hiyo, na wewe una mtoto wa miaka miwili, tafuta kwingine. Mpangaji anaweza kuondoka, aliyejenga ameshachimba kisima chake na itabidi anunue maji ya kunywa maisha yake yote pale. Mi kwa hili peke yake nawashauri watu wapange kwanza mtaa wanaoutaka kabla ya kununua kiwanja chake.

Lakini haya yote yanakuwa kweli kama unaweza kuhama kweli, na hapo ndo pananiuma. Chukua nyumba ya laki tatu kwa mwezi, vyumba viwili, Moshono au Olasiti. Mwenye nyumba anataka miezi sita, hiyo ni milioni moja na laki nane, dalali naye anataka mwezi mmoja wa kwake, imefika milioni mbili na laki moja kabla hujahamisha hata godoro, achilia mbali zile elfu kumi kumi ulizolipa kuonyeshwa nyumba ambazo hata hazifanani na ulichoambiwa kwenye simu. Umeingia, wiki ya tatu unagundua jirani anachomelea mageti mpaka saa nne usiku. Utaenda wapi? Hela yako iko kwa mtu, harudishi, na miezi sita ni mingi. Kwa hiyo ule uhuru ambao ndo faida kubwa ya kupanga umeshaulipia na hujapewa. Mpangaji wa hivi kiukweli anamkopesha mwenye nyumba bila riba na bila dhamana, halafu bado yeye ndo anaomba ruhusa ya kugongelea msumari ukutani.

Kuna na vidogo vidogo vinavyochosha. Luku ya kushea, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla, mmoja ana friji mwingine ana taa mbili mnachanga sawa sawa, ugomvi kila wiki. Kodi ya jengo toka Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, ilianza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 2023 ikawa 1,500, ni deni la mwenye nyumba kisheria ila anayenunua umeme ni wewe, na sijaona wapangaji wengi wanaothubutu kumwambia mama mwenye nyumba nitakukata kwenye kodi. Ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa 2005, kwa hiyo akiamka akasema kuanzia mwezi wa saba ni laki tatu na nusu, kinachokulinda ni mkataba ulioandikwa, na wengi hatuna, tuna meseji na risiti ya karatasi.

Nimeongea na wenye nyumba pia na siwezi kusema wote wana roho mbaya. Wengi ni wastaafu au wajane, nyumba yenyewe imejengwa kwa kiinua mgongo, ile kodi ya miezi sita ndo ada ya mjukuu au bati za vyumba vya nyuma. Wanasema ukikubali mwezi mwezi unapata mpangaji wa nitakupa wiki ijayo mama, na kumtoa mpaka ufike baraza la ardhi na nyumba la wilaya amekaa bure muda mrefu. Hilo ni kweli, yapo. Ila miezi mitatu pamoja na mkataba unaosema notisi ya mwezi mmoja kwa pande zote ingewatosha wote wawili, na wapo wanaokubali ukiwaendea taratibu bila dalali katikati.

Kujenga nako kuna raha yake sitaki kuibeza. Laki tatu kwa miaka kumi ni milioni 36 hata isipopanda, na hakuna anayekuja kukwambia kijana wangu anaoa naomba nyumba yangu. Shida ni miaka ile ya katikati, unalipa kodi mjini huku pagala linakula sementi Kisongo, ukishahamia unaamka saa kumi na moja kuwahi hiace. Halafu ndugu zangu wa Kilimanjaro tuna mzigo mwingine, lazima ujenge nyumbani kwenye kihamba, lile shamba la ukoo, nyumba nzuri kabisa Rombo au Marangu unalala siku chache za Krismasi, na huku mjini bado umepanga.

Kwa mwenye mshahara wa kila mwezi, watoto wako shule ya kutwa na kiwanja amekipata kwenye maji ya bomba, ajenge taratibu, asikope. Kwa machalii wa safari na wapagazi wa mlimani, pangeni, hela ya pagala iwekeni UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, muweze kuitoa msimu ukikata, na kodi ongeeni iangukie Septemba mkiwa na hela, msikubali mkataba unaoisha Aprili.