Eti kuusema ubaguzi ndiko kunakoleta ubaguzi

Binamu yangu wa Dar katupia kwenye grupu la ukoo klipu ya jamaa mmoja wa Marekani anayelalamika kwamba harakati za kupinga ubaguzi wa rangi ndizo zinazowagawa watu kule. Kila siku weusi, kila siku weupe, basi chuki imezidi. Chini yake binamu kaandika: "Ndiyo maana Bongo tuna amani, hatunaga mambo hayo." Vidole gumba vikamiminika. Mjomba, ambaye hata michango ya msiba huwa anaisoma na kupita, safari hii naye kachangia.

Haya. Hao Wamarekani walikuwa wamoja lini, kabla wanaharakati hawajawavuruga? Mpaka 1967 majimbo 16 kule yalikuwa bado yanakataza kwa sheria ndoa ya mweusi na mweupe, hadi Mahakama ya Juu ilipozifuta sheria hizo. Huo mgawanyiko waliukuta.

Lakini Marekani ina wenyewe. Kinachonikera ni hiyo "hatunaga". Binamu huyohuyo, Mmakonde wa kuzaliwa Temeke, mtu akichelewa kumwelewa humwuliza, "We Mmakonde nini?" Ukimgusia, utani tu. Utani naujua mimi. Mtani anakuja kwenye msiba wako, anaingia kaburini anakaa, na hatoki mpaka mumpe chochote. Hao wanaotucheka kwenye daladala za Dar sijawahi kumwona hata mmoja makaburini kwetu.

Bibi yetu, huyohuyo wa binamu, alikuwa na chale mashavuni na kwenye paji la uso. Huku nyumbani alikuwa akitembea kichwa wazi, na siku za ngoma ndiyo usiseme. Basi likikaribia Dar, anavuta ushungi mpaka puani, anabaki na macho tu. Mwanaharakati gani alimfundisha bibi kwamba yeye ni tofauti? Alijua kwa jinsi alivyokuwa akitazamwa.

Halafu ikaja gesi. Tuliposema ya Mnazi Bay, hapa kwetu Mtwara, isiende Dar kabla hatujaona itakachotuachia hapa, jibu likawa sisi ndio wabaguzi, tunaleta ukanda, tunataka kuigawa nchi. Miaka na miaka barabara ya kusini ilikuwa matope, mvua ikinyesha malori yanalala njiani, hakuna aliyeuita huo ukanda. Ukanda ulizaliwa siku tulipofungua mdomo! Mei 2013 mji wa Mtwara ukachomwa, watu wakafa, wanajeshi wakaletwa. Waliochoma nyumba za watu siwatetei. Ila hesabu ya nani alianza kumtenga nani isianzie kwenye moshi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuna namna ya kuhesabu rangi inayogawa kweli. Kura tatu za mkoloni zilikuwa hivyo: mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Mwalimu alifanya vizuri kuikimbiza nchi kutoka huko, na sensa iliuliza kabila kwa mara ya mwisho 1967, sawa. Nakubali pia wapo wanaokula kwa kabila, hasa uchaguzi ukinukia. Lakini tusidanganyane kwamba kisichoulizwa kwenye fomu kimekufa.

Tazama ndugu zetu wa Kenya. Wamakonde waliokwenda kule, wengi wakitokea Msumbiji, kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, walizaa mpaka wajukuu bila vitambulisho. Huna kitambulisho, basi akaunti benki hufungui, kura hupigi. Wangenyamaza kwa ajili ya umoja wangekuwa hivyo mpaka leo. Oktoba 2016 waliondoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais, wakijitaja kwa jina lao, Wamakonde, bila kuvuta ushungi. Vitambulisho vikatoka, na mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Na sijasikia Mdigo aliyepungukiwa hata mnazi mmoja kwa sababu jirani yake Mmakonde sasa anapiga kura.