Mbofyo Si Ushahidi wa Kuridhika

Kila mtu anapoandika maneno machache kwenye injini ya utafutaji na kubofya kiungo kimojawapo, huacha nyuma kumbukumbu ya alichoandika, alichofungua na muda aliokaa kabla ya kurudi. Kumbukumbu hizo ni nyingi na ni rahisi kuhesabika, ndiyo maana zimetawala utafiti wa namna watu wanavyotafuta habari mtandaoni. Sizikatai. Ninachokipinga ni ile haraka ya kuzisoma kana kwamba ni maoni ya mtafutaji, ilhali ni vitendo tu, na kitendo kimoja huweza kuwa na sababu nyingi zisizofanana.

Mfano ulio wazi ni majaribio ya Chuo Kikuu cha Cornell, yaliyochapishwa kati ya 2005 na 2007, ambapo watafiti walifuatilia mwendo wa macho ya wanafunzi waliokuwa wakitumia Google. Baadhi yao, bila kujua, walipewa matokeo yaliyopangwa kinyume, ya chini yakiwa yamepandishwa juu, na bado waliegemea viungo vya juu hata pale ambapo havikuwa na manufaa zaidi. Sehemu ya mbofyo ule, basi, ilikuwa ni imani kwa mpangaji, wala si hukumu juu ya kilichopangwa. Mfumo ukiuchukua mbofyo huo kuwa kura ya ubora na kuutumia kupanga matokeo ya kesho, utakuwa unajisifu wenyewe kwa vinywa vya wengine. Haki isemwe: Thorsten Joachims na wenzake, walioendesha majaribio hayo, walilitambua hilo, wakashauri kila kiungo kilichobofywa kilinganishwe na kile cha juu yake kilichorukwa. Ushauri huo ni mzuri, lakini hautuambii mtu alikuwa na shida gani.

Kwa swali hilo naona watafiti waliotoka katika ulimwengu wa maktaba walifika mbali zaidi, tena kabla intaneti haijaenea. Mwaka 1968 Robert Taylor, akichunguza mazungumzo ya wakutubi na wasomaji, alieleza ngazi nne za haja ya maarifa: ile inayohisiwa bila kutamkika, ile inayotambulika kichwani kwa ukungu, ile inayoweza kuelezwa kikamilifu, na mwisho swali lililopunguzwa ili liendane na kile ambacho muulizaji anadhani atapewa. Kinachoingia kwenye kisanduku cha kutafutia ni hicho cha nne. Mkutubi hodari huuliza maswali ya kumrudisha msomaji kwenye ngazi za awali, wakati hesabu ya mibofyo huanzia mwisho na kuishia hapo hapo.

Carol Kuhlthau naye aliwafuata wanafunzi waliokuwa wakiandaa kazi za darasani, akawahoji na kusoma shajara zao. Makala yake ya 1991 inaonyesha kwamba mashaka na mkanganyiko huzidi mtu anapoanza kuchunguza mada, kwa kuwa anayoyakuta hayapatani yenyewe kwa yenyewe wala hayaafikiani na aliyokuwa akiyajua. Katika kumbukumbu za mashine mwanafunzi huyo huonekana ameshindwa, kwani anabadilisha maneno, anafungua kurasa na kuzifunga, kisha anaondoka bila kitu, kumbe ndiyo kwanza kazi imeiva. Marcia Bates, mtafiti mwingine wa fani hiyo ya maktaba, alikuwa amekwisha kuyafananisha mambo hayo, mwaka 1989, na uchumaji wa matunda ya porini, ambapo swali lenyewe hubadilika kadiri mtu anavyoendelea kuchuma.

Najua jibu la wapenda takwimu: mtu akihojiwa hujipamba, bali akiwa peke yake mbele ya skrini hutenda alivyo. Hoja hiyo ina uzito, na mahojiano ya watu wachache hayawezi kusemea mamilioni. Hata hivyo, mwaka 2006 AOL, kampuni ya Marekani ya huduma za intaneti, ilipotoa hadharani kumbukumbu za utafutaji za watumiaji wapatao 650,000, majina yao yakiwa yamebadilishwa kuwa namba, waandishi wa New York Times waliweza kumtambua mwanamke mmoja kwa maneno aliyoyatafuta tu. Wengi huikumbuka habari hiyo kwa ajili ya faragha, na wako sahihi. Mimi hukumbuka zaidi maelezo yake mwenyewe: baadhi ya maradhi aliyoyatafuta yalikuwa ya rafiki zake, ambao alitaka kuwapunguzia wasiwasi. Aliyesoma kumbukumbu peke yake angemhesabu miongoni mwa wagonjwa.

Suala hili linazidi kuwa gumu sasa ambapo programu za mazungumzo hutoa jibu moja kwa moja na viungo hubaki bila kuguswa. Wapimaji watahamia kwenye urefu wa mazungumzo, lakini mtu huzungumza sana akivutiwa, na huzungumza sana vilevile asipoelewa. Kuzitofautisha hali hizo mbili kunahitaji mtafiti aketi na mtumiaji, amuulize alichokuwa akikitaka kabla hajaandika neno la kwanza, na gharama ya kazi hiyo iwekwe kwenye bajeti ya utafiti tangu mwanzo.